Kiraka

Miaka ishirini na mbili natafuta pumzi.
Karai la maji mbele yangu, tyubu mkononi,
naikamua kidogo kidogo kama kiwele
hadi povu liseme: hapa.

Ndipo wakaja na tyubu yao.
Nyeusi, ndefu kuliko gulio letu la Jumamosi,
wakailaza ukingoni mwa bwawa la Hombolo
kama chatu aliyekufa njaa,
wakaitilia pampu,
wakainywesha maji ya bwawa lenyewe
tangu alfajiri mpaka ng'ombe wanarudi.
Ikavimba. Ikakaa.
Ikayaambia maji mengine: mwisho hapa.

Nilicheka. Ndahani wa mashine ya kusaga naye akacheka.
Sisi maji tumeyafuata korongoni,
tumechimba mchanga hadi kiunoni ili kikombe kijae,
tumeyauza, tumeyagombania, tumezika watu kwa ajili yake.
Kuyafanya ukuta hatukuwahi kuwaza.
Ni kama kumpa mwizi kazi ya ulinzi.

Lakini upande wa pili tope lilibaki uchi,
na mafundi wakashuka na nondo
kuufumua mdomo wa bomba liendalo mjini,
saruji yake imeliwa na chumvi.
Akina Mbeleje wakaingia na mabeseni
kuokota kambale waliosahauliwa.
Mkandarasi akafoka. Wakaokota.

Siku ya nne ukuta ukaanza kusinyaa.
Asubuhi kidole kimoja, adhuhuri vitatu.
Mhandisi Kokushubila, binti wa Bukoba,
alikagua upande mkavu kwa magoti:
hakuna unyevu, hakuna hata chozi.
Basi tundu liko upande wa bwawa.
Akaniita mimi, maana mtu alimwambia
yupo fundi baiskeli pale sokoni, anajua tyubu.

Dada, nikamwambia, mimi nasoma povu.
Hewa ndani ya maji huongea.
Maji ndani ya maji, hayo yanaongea na nani?
Hakujibu. Alinifunga kamba kiunoni.

Nikaingia mpaka kifuani, kaptula na yote.
Nikaipapasa ile ngozi hatua kwa hatua
kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba.
Mkono haukuona kitu.
Nikasimama, niache tope litulie.

Ndipo nikaviona: vitoto vya perege,
vidogo, kama uwele uliomwagika,
vimejipanga, vichwa vyote upande mmoja,
vinaogelea bila kusogea
kama watu walioukuta upepo wa Agosti usoni.
Samaki huukabili mkondo.
Na bwawani, mkondo wa nini?
Nikapeleka kidole mbele ya vichwa vyao.
Kidole kikasukumwa.

Hapa.

Mwiba wa mgunga, nani mwingine,
kwenye tawi lililozama tangu masika.
Gundi ilikuwa yao, ya ajabu, haiogopi maji.
Kukwaruza ni kwangu, na kungoja ni kwangu:
kiraka hakipendi mtu mwenye haraka.
Pampu ikarudisha ndoo zilizopotea.
Usiku saruji ikamwagwa kwa taa za lori.

Jumatano ya tatu wakafungua vizibo.
Yale maji yakarudi bwawani taratibu,
bila mlio, bila kuagwa.
Nilikodolea macho mahali yalipoingilia,
na kabla sijapiga chafya nikawa sijui tena
yapi yalikuwa ukuta na yapi yalizuiwa.
Ng'ombe wakaja, wakanywa yote.

Tyubu ikakunjwa kama turubai la msiba, ikapanda lori.
Nilipewa elfu arobaini
na kipande cha mpira ambacho hakuna aliyekiulizia.
Kimo sasa kwenye gurudumu la nyuma la Ndahani.
Anasema akishuka mteremko husikia bwawa.
Mimi nasikia golori tu. Zinataka grisi.